Deni la Shangazi: Haki Hutoka Wapi?

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani Kagera, kama tufanyavyo watoto wengi wa kule tunaohangaikia maisha mjini. Nilidhani nakwenda kula ndizi na kusalimia wazee. Kumbe naitwa kikaoni. Siku ya pili, jioni, baba mkubwa akatoa daftari la ukoo, akavaa miwani, akasoma muhtasari uliokwisha andikwa hata kabla kikao hakijaanza. Ulisema kwamba kibanja ambacho shangazi aliachiwa na marehemu babu ni mali ya ukoo. Kwamba shangazi atakula ndizi zake mpaka Mungu atakapomchukua. Kwamba hana ruhusa ya kukiuza, kukigawa wala kukirithisha. Na kwamba baada yake kitakuwa changu mimi na binamu zangu wawili wa kiume. Chini paliachwa nafasi za sahihi. Jina langu lilikuwa la tatu.

Sitaki kukudanganya, ndugu msomaji. Jambo la kwanza lililonijia kichwani halikuwa haki ya shangazi. Nilipiga hesabu. Kibanja kile kina migomba iliyoshiba na mibuni ya tangu enzi za babu, na siku hizi barabara imekifikia. Mimi mjini napanga chumba kimoja. Mwenye njaa akiona sahani hajiulizi kwanza ni ya nani.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, anamenya ndizi. Hakuinua kichwa. Alisema tu, “Mimi siombi. Nadai.”

Baba mkubwa akamtazama juu ya miwani. “Unadai? Nani kakupa?”

Watu wakanyamaza. Nikasema nitatia sahihi kesho, nataka kusoma kwanza. “Msomi huyo!” mtu mmoja akasema, wakacheka, pombe ikaendelea kuzunguka. Lakini mimi usiku ule sikupata usingizi. Nani kakupa? Baba mkubwa alilitoa swali hilo kwa dharau, hata hivyo ni swali la kweli, na wanafalsafa wamelihangaikia kwa karne nyingi. Haki ni kitu gani hasa? Mtu anakuwa nayo kwa sababu gani, na nani kampa?

Kijiweni kwetu ukiuliza swali hili utapata majibu matatu. Wa kwanza atakwambia haki ni ile iliyoandikwa katika sheria. Nje ya hapo ni kelele. Usimcheke, maana Jeremy Bentham wa Uingereza alisema karibu hivyo hivyo miaka zaidi ya mia mbili iliyopita, alipokuwa akiwakejeli Wafaransa na tangazo lao la haki za binadamu la mwaka 1789. Wa pili atasema haki ni ile wanayoitambua watu wako. Mtu ni watu, na mwenye mila yake si mtumwa. Wa tatu atasema haki mtu huzaliwa nayo, kama pumzi. Mimi nimeamua kuyapima majibu haya si hewani, bali kwa kesi moja iliyotoka mkoani kwetu, ambayo wanasheria wa Tanzania wanaijua kama sala.

Ni kesi ya Holaria Pastory. Baba yake alimwachia ardhi ya ukoo kwa wosia halali. Alipoona uzee umemfika na hana mtu wa kumtunza, mwezi Agosti 1988 aliiuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Siku iliyofuata mwanamume mmoja wa ukoo wake alikwenda Mahakama ya Mwanzo kushtaki, akidai kwamba kwa mila za Wahaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikakubali, ikaubatilisha uuzaji na kuamuru mnunuzi arudishiwe fedha zake. Mahakama ya Wilaya ikageuza uamuzi. Mambo yakafika Mahakama Kuu, Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya, naye alitoa hukumu tarehe 22 Februari 1990: mwanamke ana haki sawa na mwanamume juu ya ardhi ya ukoo, na uuzaji ni halali.

Sasa tulipime jibu la mila, maana ndilo lililokuwa limeshika daftari siku ile kikaoni. Mila iliyomfunga mama huyu ilikuwa wapi? Watu hudhani ilikuwa hewani, imeshuka na mababu. La hasha. Ilikuwa imechapwa. Ilikuwa kanuni ya 20 katika sehemu ya urithi ya Tamko la Sheria za Mila, lililotolewa kama tangazo la serikali mwaka 1963. Kanuni ile ilisema wanawake waweza kurithi, ila ardhi ya ukoo wataitumia tu pasipo kuiuza. Watairithi kwa ukamilifu ikiwa tu hakuna mwanamume katika ukoo ule. Na kabla ya hapo, mwaka 1945, sheria za mila za Wahaya zilikuwa zimekwisha andikwa kitabuni na Hans Cory pamoja na Hartnoll, watu wa utawala wa Mwingereza. Jamani, fikirini: ofisa wa kikoloni anauliza, anajibiwa, anaandika, na kinachoandikwa kinakuwa mila ya milele. Alipoulizia habari za shamba, je, aliulizwa yule aliyelilima?

Sisemi mila ile iliundwa na mzungu. Nasema mila ni maneno ya watu, na watu hubadili maneno. Tena sisi wenyewe tumekwisha fanya hivyo. Kagera palikuwa na nyarubanja, utaratibu ambao mkulima alikaa katika kibanja kwa ridhaa ya bwana wake na kumlipa, yeye na watoto wake baada yake. Hiyo nayo iliitwa mila. Mwaka 1965 serikali ilitunga sheria ya kuwakomboa wapangaji wa nyarubanja, na leo hatusikii mjukuu wa mpangaji akilia kwamba mila imeharibiwa. Mwanamume alipofunguliwa kamba tuliita ukombozi. Mwanamke alipotaka kufunguliwa kamba ile ile, tukaita kuvunja ukoo.

Basi tumgeukie wa kwanza, yule wa sheria. Yeye atafurahi: si unaona, Holaria alishinda kwa sababu ya sheria! Ni kweli, lakini hebu tuitazame sheria yenyewe ilikuja lini. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 bila ya hati ya haki za binadamu ndani ya katiba. Viongozi waliikataa makusudi. Walihofu kwamba mahakimu na majaji, ambao wengi wakati ule walikuwa wageni, wangeitumia kuzuia mabadiliko ambayo nchi changa iliyahitaji. Mwaka 1962 ikatungwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Mwaka 1965 tume iliyoandaa mfumo wa chama kimoja iliijadili tena hati hiyo, ikaona afadhali kuwe na Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya kupokea malalamiko ya wananchi. Hatimaye, baada ya mjadala mkali wa katiba, haki hizo ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Hata hapo serikali iliomba muda wa kusafisha sheria zake, na mahakama haikuruhusiwa kuzitumia haki hizo kutengua sheria mpaka Machi 1988. Miezi mitano baadaye Holaria akauza ardhi yake.

Angalia jambo hili vizuri. Kama haki hutoka kwenye sheria tu, basi mama huyu hakuwa na haki yoyote Februari 1988, akaamka Machi anayo. Aliota nayo kama uyoga? Mwaka 1968 mahakama ilikuwa imekwisha kuwasikiliza wanawake wengine wa Kihaya, katika kesi ya Bi Verdiana Kyabuje. Ikawaambia, kwa maneno mengine, tunawahurumia, lakini mila ni mila, si kazi ya mahakama kuigeuza. Je, wanawake wale wa 1968 hawakuwa na haki, au walikuwa nayo ikakataliwa? Mimi nasema kuna tofauti kubwa. Kama hawakuwa nayo, hukumu ya 1990 ilikuwa zawadi. Kama walikuwa nayo, hukumu ile ilikuwa malipo ya deni lililochelewa.

Na Katiba yenyewe inajisaliti. Ibara ya 12 inasema binadamu wote huzaliwa huru na sawa. Huzaliwa! Haikusema wanafanywa kuwa sawa na Bunge. Zaidi ya hayo, wakati Jaji Mwalusanya anaandika hukumu yake, orodha ya mambo yasiyoruhusiwa kutumiwa kumbagua mtu katika Ibara ya 13 haikuwa na neno jinsia. Liliingizwa mwaka 2000. Jaji alisoma Katiba pamoja na mikataba ya kimataifa ambayo nchi ilikuwa imetia sahihi, akaona kile ambacho karatasi ilikuwa haijakitaja kwa jina. Miaka kumi baadaye karatasi ikamfuata.

Haya, tumebaki na wa tatu: mtu huzaliwa nayo. Ni jibu tamu, ila nalo lina ugumu wake. Ukimkata mtu vipande vipande huoni haki humo ndani, unaona nyama na mifupa. Yuko wapi basi huyo aliyeitia?

Ugumu huu waliuona hata wale walioandaa Tangazo la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, lililopitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948 kwa kura 48, bila ya kura ya kupinga, nchi nane zikijizuia. Sisi hatukuwa na kiti. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Uingereza. Kabla ya hapo, mwaka 1947, UNESCO iliwaandikia watu wenye fikra wa sehemu mbalimbali za dunia kuwauliza msingi wa haki ni nini. Jacques Maritain, mwanafalsafa wa Ufaransa, alisimulia baadaye jinsi watu wa itikadi zilizopingana walivyoweza kukubaliana juu ya orodha ya haki, ilimradi wasiulizwe sababu. Wakati wa kuandika, wengine walitaka Mungu atajwe kuwa ndiye chanzo, P. C. Chang wa China akawakumbusha kwamba duniani kuna watu wa mapokeo mengi. Mwishowe wakaandika habari za akili na dhamiri. Na ni mwanamke wa Kihindi, Hansa Mehta, aliyeshikilia kwamba ibara ya kwanza isitumie neno la Kiingereza linaloweza kusomwa kuwa ni wanaume tu.

Mmoja wa waliojibu barua ile ya UNESCO alikuwa Gandhi. Yeye alisema alijifunza kwa mama yake, asiyejua kusoma lakini mwenye hekima, kwamba haki hutokana na wajibu uliotimizwa vema. Jibu hili lingempendeza sana baba mkubwa. Nami ningelikubali, kwani katika ukoo wetu hakuna aliyetimiza wajibu kama shangazi. Ndiye aliyemuuguza babu mpaka dakika ya mwisho. Ndiye aliyetandaza nyasi kwenye migomba kila kiangazi wakati sisi tuko mjini. Lakini nikasita. Mtoto mchanga hajatimiza wajibu wowote. Ukimnyima maziwa, je, hukumkosea? Na kama shangazi angekuwa kilema wa kitandani, asiyeweza kushika jembe, wosia wa baba yake ungekuwa si kitu?

Jibu langu nililipata katika lugha yetu wenyewe, na naomba nyinyi mnaojifunza kuandika mnisikilize hapa. Kiswahili kina maneno mawili ambayo hatuyachanganyi. Msaada tunauomba. Haki tunaidai. Na kitu kingine tunachokidai ni deni. Mtu akininyima zawadi, nimenyimwa, basi, nitanuna, nitalala. Akininyima haki, sisemi kaninyima tu, nasema kanidhulumu. Hata mtoto wa darasa la pili anajua tofauti hiyo: rafiki akikataa kumpa kipande cha muwa atasema mchoyo huyu, lakini akinyang’anywa muwa wake atapiga kelele kwamba anaonewa. Hakusoma Katiba huyo, wala hajui mila.

Kwa hiyo mimi naona haki si kitu kilichofichwa ndani ya mwenye nayo. Haki ni deni lililo mikononi mwa wengine. Ukiitafuta kwa shangazi hutaiona. Itafute kwangu, kwa baba mkubwa, kwa serikali, utaikuta imekaa kama fedha ya mtu ambayo hatujamlipa. Tunadaiwa kwa sababu yeye ni mtu anayeweza kudhulumiwa, na sisi ni watu tunaoweza kujua kwamba tunadhulumu. Hiyo ndiyo akili na dhamiri waliyoisema kule Paris. Sheria haiumbi deni hilo. Sheria ni daftari la mwenye duka: linalisajili, linamsaidia mdai mbele ya hakimu, lakini deni lilianza mtu alipobeba unga. Na mila nayo ni daftari, la zamani zaidi, ambalo mara nyingine waliolishika waliruka majina.

Sasa nisiwaonee wazee. Wana hoja, tena nzito. Ardhi ya ukoo ina makaburi ya watu wetu. Ukiiuza leo, mtoto atakayezaliwa kesho atakuwa mpangaji kwao. Tumeona vijiji vinavyouzwa kipande kipande mpaka watu wanakosa hata pa kuzikia. Hiyo nayo ni dhuluma kwa wasiozaliwa bado. Lakini hata hapo hukumu ya 1990 haikuutupa ukoo. Kwa mila, mwanamume akiuza ardhi ya ukoo kwa mgeni, jamaa waweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha. Jaji alisema utaratibu huo huo utumike kwa wanawake, akampa yule aliyeshtaki miezi sita ya kulipa shilingi 300,000 na kuichukua ardhi. Kwa maneno mengine: kama unaipenda ardhi ya mababu, lipa, usimlipishe mama mzee peke yake gharama ya mapenzi yako. Wazee wetu hawakuwa tayari kuweka shilingi. Walikuwa tayari kuweka sahihi tu.

Wala msidhani hukumu moja ilimaliza mambo. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zilitamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Hata hivyo wajane wawili wa Shinyanga, walionyimwa mali za waume zao kwa kanuni za urithi za mila ya Kisukuma, walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba kanuni zile zinabagua, kisha ikakataa kuzifuta, ikihofia kufungua mlango wa mashauri yasiyo na mwisho. Walihangaika mpaka kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliona kwamba haki zao zilikiukwa. Ona basi: deni limekubaliwa, mdaiwa amesema ni kweli unanidai, na bado halijalipwa. Hapo ndipo penye kosa la yule wa tatu kijiweni, anayedhani kuzaliwa nayo kunatosha. Deni lisilodaiwa hukaa kwa mdaiwa, likaota nywele, likaitwa mali yake.

Asubuhi baba mkubwa alinipa kalamu. Mkono ulitetemeka, haki ya Mungu. Nikaandika mbele ya jina langu: Sikubali, kibanja ni cha shangazi kwa wosia wa babu. Nikaongeza kwamba akitaka kuuza, sisi wanaume wa ukoo tupewe nafasi ya kwanza ya kununua, kwa bei ya soko. Baba mkubwa alisoma, akavua miwani, akasema nimeuza ukoo kwa maneno ya kitabuni. Tangu siku hiyo nikimpigia simu hapokei. Binamu mmoja kaniandikia kwamba nisihangaike kurudi Desemba. Muhtasari wenyewe haujafutwa, daftari bado liko kwao, na sijui mwisho wake utakuwaje.

Nilimfuata shangazi shambani kumweleza. Nakiri nilitegemea atanikumbatia, pengine atoe machozi kidogo. Aliendelea kukata majani makavu ya migomba.

“Sikushukuru, baba,” akasema. “Umelipa sehemu yako tu. Waambie na wenzio.”

Nilijisikia vibaya kidogo, halafu nikaona amesema kweli. Basi ndiyo nawaambia wenzangu, hasa nyinyi mnaoshika kalamu na kutafuta kisa cha kuandika. Mkifika nyumbani ombeni kuliona daftari la ukoo. Someni waliotia sahihi. Kisha waulizeni wale waliokuwa wamekaa mlangoni wakimenya ndizi, wanadai nini, na wanatudai nani.